Kunusa mafuta ya mkaratusi, mchaichai na lavenda: mwongozo kwa anayeanza

Kila mwaka baridi ikianza kubana, mwishoni mwa mwezi wa tano, wateja wangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hurudi na maswali yale yale. Niweke matone mangapi? Nijifunike blanketi? Mtoto wa miezi minane naye anuse? Mbona jana nilinusa nikalala vizuri, leo hata harufu siisikii? Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa simu usiku, na bado naona watu wanaumia kwa jambo lile lile: mafuta mengi, karibu mno na uso, chumba kimefungwa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kama utashika neno moja tu humu, shika hili: pua inatosheka na kidogo sana.

Ninaposema mafuta ya harufu, namaanisha yale mepesi yanayotolewa kwa mvuke kwenye majani na maua, au kwa kukamua maganda kama ya limau na chungwa. Huuzwa kwenye vichupa vidogo, mara nyingi vya mililita 10. Si mafuta ya nazi yaliyotiwa manukato, na si marashi.

Kinachotokea ukivuta pumzi

Harufu inaingia mwilini kwa njia tatu, na ukizijua utaelewa kwa nini nakusihi upunguze matone.

Ya kwanza ni pua yenyewe. Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye neva za kunusia. Binadamu tuna aina kama 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuvigundua vipokezi hivyo na kueleza jinsi vinavyofanya kazi. Taarifa ya macho na masikio hupita kwanza thalamasi, kituo cha kugawia taarifa katikati ya ubongo. Ya harufu haisubiri hapo. Inafika moja kwa moja sehemu zinazoshughulika na hofu, utulivu na kumbukumbu. Ndiyo sababu ukipita kwenye majani ya mchaichai yaliyokatwa unaweza kujikuta jikoni kwa bibi yako Tukuyu kabla hujajua unawaza nini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, walionyesha kwamba panya wakinusa linaloli, kitu kinachopatikana kwa wingi kwenye lavenda, wasiwasi wao hupungua. Panya walioondolewa uwezo wa kunusa hawakupata utulivu huo. Kwa hiyo ilikuwa ni harufu inayosikika, si kiasi cha mafuta kilichoingia kifuani.

Ya pili ni neva ya hisia za uso, ile inayosikia ukali wa pilipili na ubaridi wa minti. Mentholi, kitu kilichomo kwenye minti, hugusa kipokezi cha baridi, nawe unahisi pua imefunguka, hewa inapita. Ukipima, njia ya pua bado ni nyembamba vile vile. Nafuu unayoisikia ni ya kweli, inakusaidia hata kulala, ila uvimbe uko palepale. Usije ukadhani mafua yamekwisha.

Ya tatu ni mapafu. Sehemu ndogo ya mafuta huvuka na kuingia kwenye damu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, waliwaweka watu 20 kwenye chumba chenye harufu ya rozmari, wakakuta sineoli, kitu kilichomo kwenye rozmari na mkaratusi, ndani ya damu yao, na wenye nyingi zaidi walifanya hesabu za kichwa vizuri zaidi. Watu 20 ni wachache, usiende kumnusisha mwanao rozmari ukitegemea afaulu mtihani wa darasa la saba. Nilichotaka ulione ni kwamba unachonusa kinaingia mwilini. Ni kitu chenye nguvu, si pambo.

Andaa vitu hivi kabla hujaanza

- Kichupa kimoja cha mafuta, cha kioo cheusi au cha kahawia, chenye kidondoshi mdomoni. Kimoja kinatosha, usinunue seti.
- Pamba au leso safi.
- Karatasi nyeupe.
- Bakuli zito lenye kitako kipana. Beseni la plastiki jepesi halifai, linapinduka.
- Saa au simu ya kuhesabia dakika.
- Daftari.
- Dirisha linalofunguka. Hili si la hiari.

Hatua ya 1: Jiulize kama unafaa

Kama una pumu, usianze bila kuongea na daktari wako. Harufu kali inaweza kubana kifua, hata ile unayoipenda. Kama wewe au mtu wa nyumbani ana kifafa, mkaratusi, rozmari na kafuri visiingie ndani, kwa sababu vinaweza kuchochea degedege. Mjamzito aache miezi mitatu ya mwanzo, kisha amuulize mkunga kliniki.

Mtoto wa chini ya miaka 2: hapana. Mkaratusi, minti na kafuri karibu na pua ya mtoto mchanga vinaweza kumfanya koo libane na pumzi isimame. Hii ni pamoja na zile dawa za kupaka kifuani zenye harufu hiyohiyo. Najua bibi alimpaka baba yako na baba yako akakua. Bado nakuomba usipake. Na kama unafuga paka ndani, usijaze chumba mafuta haya, maana ini lake haliwezi kuyavunja kama letu.

Hatua ya 2: Kagua mafuta yako

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache mbali na jua. Tone halisi la mkaratusi mwanzoni linang'aa kama maji, kisha kingo zake zinaanza kufifia kuelekea katikati. Baada ya saa kadhaa ukishika karatasi unaikuta kavu. Lililochanganywa na mafuta ya alizeti linaacha doa. Inua karatasi juu ya mwanga wa dirisha utaona pale tone lilipokuwa pamekuwa kama kioo, mwanga unapita. Nimewahi kununua chupa nzima ya namna hiyo kwa muuzaji wa jumla mmoja na kugundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Kipimo hiki hakikamati kila udanganyifu, kwa sababu harufu ya kiwandani nayo huruka na kuacha karatasi safi. Mafuta mazito, kama ya msandali, huacha alama hata yakiwa halisi.

Halafu soma lebo. Inatakiwa kuwa na jina la kisayansi la mmea. Kwa mkaratusi tafuta *Eucalyptus globulus*, ambao mafuta yake yana sineoli nyingi. Hapa ndipo watu wa Mufindi na Njombe huniuliza: "Dada, sisi miti tumezungukwa nayo, kwa nini ninunue?" Swali zuri. Mikaratusi haifanani. Mingi iliyopandwa kwa nguzo na mbao ni aina ya *grandis*, na hiyo ina sineoli kidogo. Kuna mwingine ambao ukifikicha jani unanukia limau kabisa. Fikicha jani la mti wako, linuse, utajua mwenyewe kwamba harufu siyo ile ya kwenye kichupa. Majani yake yanafaa kunukiza nyumba, lakini usitegemee yafanye kazi ileile.

Hatua ya 3: Chagua mafuta mamoja kwa kazi moja

Pua iliyoziba: mkaratusi au minti. Kutuliza moyo kabla ya kulala: lavenda. Kuchangamka asubuhi yenye ukungu: limau, rozmari au mchaichai. Usichanganye matatu siku ya kwanza. Kichwa kikikuuma hutajua ni yapi yaliyokudhuru.

Hatua ya 4: Jaribu kwanza kwa mbali

Fungua kichupa, kishike usawa wa kifua, kisha pepea harufu kwa kiganja kuelekea usoni. Pumua kawaida mara mbili. Funga. Subiri nusu saa ukiendelea na shughuli zako. Ukikohoa, ukiwashwa macho, ukihisi kichefuchefu au kifua kubana, mafuta hayo si yako. Mpe mwingine.

Usiweke pua kwenye mdomo wa chupa ukavuta. Hili nalirudia kila siku pale kwenye meza yangu, kwa sababu mkono wa mteja huenda puani wenyewe kabla sijamaliza kusema.

Hatua ya 5: Anza na pamba

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawahitaji nyingine.

Weka tone 1 kwenye pamba, au 2 kama mafuta ni mepesi ya limau. Acha sekunde chache. Shika pamba kama sentimita 15 kutoka puani, yaani urefu wa kalamu ya wino. Vuta pumzi polepole kwa pua, toa kwa mdomo. Fanya hivyo mara 5 au 6, kisha weka pamba kwenye kisosi mbali nawe. Kwa kulala, kisosi kiwe mwisho wa chumba. Usidondoshe kwenye mto, kwa sababu usiku utageuka na shavu litalalia mafuta makali ambayo hayajachanganywa na kitu.

Pumzi yenyewe ni nusu ya kazi. Ukivuta taratibu na kutoa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyovuta, mapigo ya moyo hushuka hata bila mafuta. Harufu inakupa sababu ya kukaa chini na kupumua hivyo. Ukirudia kila usiku kwa harufu ileile, mwili unajifunza: harufu hii ikija, siku imekwisha.

Hatua ya 6: Mvuke, kwa mtu mzima tu

Sote tumepiga nyungu. Tumejifunika mablanketi na majani ya mkaratusi, mpera na mchaichai yakichemka chini. Kosa ni kuchukua desturi ya majani na kuihamishia kwenye mafuta. Majani hutoa harufu yake kidogo kidogo. Mafuta hayayeyuki majini, yanaelea juu, na mvuke unayanyanyua yote kwa mara moja yakupige usoni.

Mwaka wangu wa kwanza katika biashara hii nilimwambia mama mmoja aweke matone kumi kwenye sufuria ajifunike. Kesho yake alirudi macho mekundu, ngozi chini ya pua imebabuka. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa upole kama amekosea mahali. Hakukosea yeye, nilikosea mimi, na uso wake sijausahau.

Kwa hiyo fanya hivi:

a) Chemsha maji, yatoe motoni, mimina kwenye bakuli zito lililo juu ya meza imara. Usiliweke mapajani wala kitandani. Kwa mwinuko wetu wa Mbeya, karibu mita 1,700, maji huchemka yakiwa kama nyuzi joto 94, na wengine huona si makali kama ya Dar. Yanaunguza vilevile.

b) Subiri dakika 5.

c) Weka tone 1. Ukizoea, 2. Usizidishe hapo.

d) Kaa umenyooka, uso ukiwa mbali na bakuli kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Funga macho. Usijifunike blanketi wala kitenge.

e) Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Mwaga maji mara moja, kabla mtoto hajaingia.

Mtoto asikalishwe mbele ya bakuli la maji ya moto, hata akiwa na miaka minane, hata ukiwa umemshika.

Hatua ya 7: Kunukiza chumba

Matone 3 kwenye bakuli la maji ya moto lililo kwenye kona, dirisha likiwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja, kwa nusu saa. Kisha toa bakuli nje. Kama una kifaa cha umeme cha kunukizia, fuata matone yaliyoandikwa kwenye maelekezo yake, lakini nusu saa ni ileile. Kukiwasha usiku kucha hakuongezi kitu. Pua inazoea harufu ndani ya dakika chache, huku mapafu yanaendelea kupokea.

Sasa nisikilize vizuri hapa, hasa wewe wa Njombe, Makete, Mafinga na Uyole. Usidondoshe mafuta kwenye jiko la mkaa, na usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala. Mafuta ya mkaratusi hushika moto kwa urahisi. Na mkaa wenyewe hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Watu hulala wasiamke. Ukitia mafuta juu ya mkaa, chumba kinanukia vizuri na wewe unaamini hewa ni safi. Kichwa kikianza kuuma na usingizi mzito ukaja, unasema lavenda imefanya kazi. Jiko lote litoke nje kabla ya kulala, hata kama yamebaki makaa mekundu mawili. Baridi ya mwezi wa saba ipigwe kwa blanketi la pili.

Hatua ya 8: Andika, kisha funga chupa

Kwenye daftari andika tarehe, mafuta, matone, na ulivyojisikia baada ya saa moja. Wiki mbili zinatosha kuonyesha kama kuna kinachokusaidia au ni mazoea tu.

Funga kifuniko hadi mwisho, weka kabatini penye giza na ubaridi, juu, mbali na mkono wa mtoto. Ya limau na chungwa huharibika mapema yakiguswa na hewa. Yakianza kunuka kama rangi ya kupaka mbao, tupa.

Mambo yakienda kombo

*Sisikii harufu tena.* Pua imezoea. Usiongeze tone. Toka nje, tembea robo saa, rudi, utaisikia.

*Kichwa kinauma.* Umezidisha, au chumba hakina hewa. Fungua madirisha, toka nje, pumzika siku mbili, ukirudi anza na nusu ya kiasi. Kama kulikuwa na jiko la mkaa ndani, usipumzike: toka, watoe wote, mwende hospitali.

*Yameingia machoni.* Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Usifikiche. Yakiendelea kuwasha, nenda kituo cha afya.

*Ngozi inawaka.* Osha kwa maji na sabuni, na usiipake tena.

*Kifua kinabana au napiga miluzi nikipumua.* Acha hapohapo, nenda kwenye hewa safi, tumia dawa yako ya pumu kama unayo. Usipopata nafuu haraka, hospitali.

*Mtoto amekunywa.* Hii ni dharura. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumsababishia usingizi mzito na degedege. Usimtapishe, maana yakiingia kwenye mapafu yanaleta madhara mengine. Mbebe pamoja na chupa, nenda hospitali sasa hivi.

*Mafua ya mtoto hayaishi, niongeze siku za kunukiza?* Weka mafuta pembeni umhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, au ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta, hiyo inaweza kuwa nimonia. Anahitaji dawa ya hospitali leo, siyo kesho.

*Tangu niugue, harufu zimepotea kabisa.* Nenda kwa daktari kwanza ajue chanzo. Kuna zoezi lililoanzia Dresden, Ujerumani, kwa kazi ya Thomas Hummel iliyochapishwa mwaka 2009: unanusa harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12 au zaidi. Tatu kati ya hizo unazipata sokoni kwa urahisi. Weka karafuu kijiko kimoja kwenye kichupa cha glasi, ganda bichi la limau kwenye kingine, tone la mkaratusi juu ya pamba kwenye cha tatu, na la nne liwe mafuta ya waridi ukiyapata. Nusa kila kimoja kwa sekunde 15 hivi, kwa utulivu, ukijikumbusha harufu hiyo ilivyokuwa zamani. Badilisha ganda la limau kila likikauka. Si kila mtu hurudishiwa harufu zote, na wiki za mwanzo unaweza usisikie chochote. Endelea, na uandike kwenye daftari siku ya kwanza karafuu itakapokujia hata kwa mbali.